Maziwa ya mimea yasiyokatika kwenye chai: ununue yapi, uache yapi hapa Malindi

Walioacha vyakula vya mnyama hapa Malindi hawalalamikii wali. Wali ni wa nazi tangu hapo, maharage ni ya nazi, mahamri na vitumbua ni vya tui. Ukitoa samaki, nyama na samli, jiko la Mswahili limeshafika nusu ya safari. Lawama zote ziko kwenye chai. Mtu katoa pesa nzuri kununua pakiti ya soya au lozi, kaimimina kwenye sufuria ya chai ya tangawizi kama alivyozoea kumimina maziwa ya ng'ombe, na kabla ya kutafuta chujio anaona vipande vyeupe vinaelea juu ya maji ya kahawia. Anarudi dukani kudai kauziwa maziwa mabovu, anaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudi.

Mara nyingi maziwa hayo si mabovu. Yamekatika, na kuna pakiti zinazokatika upesi na nyingine zinazostahimili. Hicho ndicho kipimo hapa. Ladha kila mtu ana ulimi wake, na habari za kupunguza unene zina washauri tele.

Kwa nini hukatika

Protini ya soya hukaa imetawanyika ndani ya maji mradi maji hayo yasiwe na uchachu. Chai ina uchachu kiasi, na kadiri majani yanavyochemka ndivyo unavyozidi. Ongeza moto mkali, ongeza kalsiamu, na protini hushikana ikawa mabonge. Tofu hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo: maziwa ya soya yakiwa moto hutiwa chumvi ya kalsiamu au ya magnesiamu, yakaganda. Kwa hiyo anayechemsha soya pamoja na majani ya chai anapika tofu bila kujua.

Kalsiamu yenyewe tunayo bure. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake ni mazito kwa chokaa. Tazama ndani ya birika lako: ukiona ukoko mweupe umegandamana chini na kwenye mdomo, basi maji hayo yanaweza kukata soya hata kama pakiti ni nzuri. Chai pikia maji ya mvua au ya dumu la kununua, ya kisima yaachie vyombo.

Tangawizi nayo. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana hata maziwa ya ng'ombe hukatika ukiitia wakati usiofaa. Dawa ni kuichemsha peke yake kwenye maji kwanza, dakika tano, ili moto ukiue kimeng'enya hicho kabla maziwa hayajakaribia.

Aliyewahi kupika mchuzi wa nazi anajua nusu ya kazi hii. Tui la kwanza halitiwi kwenye mchuzi unaotokota na kuachwa. Hutiwa mwishoni, moto umepunguzwa, upawa haupumziki mpaka lishike. Soya inataka adabu ile ile.

1. Soya ya pakiti, Alpro ya kawaida

Nasema bila kuzunguka: kwa chai ya maziwa, Alpro ya soya ndiyo ya kwanza, na zilizobaki zinagombea nafasi ya pili. Ni kampuni ya Ubelgiji. Soya yao ya kawaida ina kidhibiti uchachu, yaani fosfati ya potasiamu, ambayo huipa protini muda wa kuzoea chai kabla haijashikana. Imetiwa kalsiamu na vitamini B12. B12 haimo kwenye mmea wowote kwa kiwango cha kutegemea, kwa hiyo asiyekula cha mnyama lazima aipate kwenye kilichoongezewa au kwenye kidonge. Protini yake ni gramu 3 hivi kwa mililita 100, karibu sawa na ya ng'ombe.

Lakini soma pakiti kabla ya kulipa, kwa sababu kosa kubwa liko hapa na hakuna muuzaji atakayekwambia. Soya iliyoandikwa "bio" huwa ni maji na soya basi. Sheria za kilimo hai za Ulaya haziruhusu kuongezewa vitamini na madini hivi hivi, kwa hiyo haina B12, haina kalsiamu ya kuongezwa, na kwa kawaida haina fosfati. Ndiyo inayokatika mapema kuliko zote. Na ndiyo inayouzwa ghali zaidi! Unalipa zaidi kupata pungufu, eti kwa sababu pakiti ina jani la kijani. Rafu za Barabara ya Lamu zimejaa hizo, kwa kuwa duka linaagiza kile anachokitaka mgeni wa Kiitaliano wa miezi mitatu, na mwenyeji anabaki kuchagua katika mabaki ya mgeni.

Namna ya kuipika, vikombe viwili vikubwa: maji mililita 400, tangawizi iliyopondwa ya ukubwa wa kidole gumba, iliki tatu. Chemsha dakika tano. Tia vijiko viwili vidogo vya majani. Majani yetu ya Kenya mengi ni ya chembechembe, hutoa ukali haraka, dakika mbili zinatosha. Epua, acha dakika tatu. Pembeni pasha soya mililita 200 mpaka itoe mvuke na vipovu vidogo pembezoni, isitokote. Kisha chuja chai ndani ya soya, uzi mwembamba, huku ukikoroga. Ukigeuza, ukatia soya ndani ya chai, yale matone ya mwanzo yanakutana na uchachu wote na moto wote kwa mkupuo mmoja, na hapo hapo yanakatika. Sukari tia wakati wowote. Ndimu usithubutu.

Tikisa pakiti kila unapomimina. Kalsiamu hutuama chini, na wengi huitupa pamoja na pakiti bila kujua. Ikishafunguliwa ikae kwenye friji na iishe ndani ya siku tano. Stima ikikatika usiku kucha, inuse kwanza.

2. Oti ya "barista"

Kwenye pakiti za Kitaliano oti huandikwa "avena". Ya kawaida ni nyepesi na tamu. Kiwandani wanga wake huvunjwa kwa vimeng'enya ukawa sukari, ndiyo sababu pakiti inasema haikutiwa sukari na bado ni tamu. Mwenye kisukari ajue hilo. Inayofaa chai ni yenye neno "barista" usoni: ina mafuta zaidi na kidhibiti uchachu. Ile ya Oatly ni nzuri ukiipata, na haikatiki kwa urahisi kwa kuwa protini yake ni kidogo. Ila bei yake inauma.

Usijaribu kuitengeneza nyumbani kwa ajili ya chai. Oti iliyosagwa ikipata moto huwa mlenda.

3. Nazi, lakini ujue ni nazi ipi

Kwa kupikia, hakuna mjadala: nazi kavu, mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kukamulia. Chagua nazi nzito, itikise usikie maji, macho yake yawe makavu yasiyo na ukungu. Nazi isiyo na maji ndani huwa inaelekea kuoza. Iliyokunwa kwa mashine sokoni si mbaya, ila ikunwe mbele yako na ikamuliwe ndani ya saa moja. Kwa joto letu huchacha upesi.

Siku isiyo na mkunaji, chukua tui la Kentaste. Ni la Kwale, nazi za pwani yetu wenyewe, na pesa inabaki huku huku. Kwa kupaka, kwa maharage, kwa wali, silioni la kuagizwa linalolishinda kiasi cha kulipa nauli ya meli.

Kwenye chai tui lina aibu nyingine: mafuta huelea juu kama macho. Tumia tui la pili, lile jepesi, sehemu moja kwa sehemu tatu za chai, unywe papo hapo. Na usilihesabu kuwa maziwa kwa lishe, protini yake ni haba.

Sasa unga wa tui wa pakiti. Huu ndio unaosifiwa kwamba haukatiki hata uuchemshe vipi. Geuza pakiti usome viambato kwa herufi ndogo. Nyingi zina neno linaloanza na "casein". Hiyo ni kaseini, protini ya maziwa ya ng'ombe. Hutiwa ili mafuta ya nazi yakauke yakawa unga na yakichanganywa na maji yasijitenge. Yaani usoni kuna mnazi, ndani kuna ng'ombe. Ni halali kabisa na imeandikwa, ila nani husoma mgongo wa pakiti ya tui? Unga wa kutia kwenye kahawa unaodai hauna maziwa nao uko hivyo hivyo mara nyingi. Ukiona kitu kimechemka dakika kumi na chai ya tangawizi bila hata doa, usikishangilie kabla ya kusoma.

4. Korosho za kutengeneza mwenyewe

Kilifi ni nchi ya korosho, kwa hiyo tafuta mbichi zisizokaangwa, na vipande ni nafuu kuliko nzima na vinasagika sawasawa. Gramu 100, loweka kwenye maji ya moto nusu saa (kulowekea usiku kucha hapa ni kukaribisha uchachu), mwaga maji hayo, saga na maji mililita 800. Zikisagika vizuri huhitaji hata kuchuja.

Tatizo lake ni wanga. Korosho ikichemka huwa nzito, na chai inageuka uji. Itie chai ikishaepuliwa, basi. Siku mbili kwenye friji, haizidi.

5. Lozi

Wengi huanzia hapa, na hapa ndipo pesa hupotelea. Soma asilimia: pakiti nyingi zina lozi kama asilimia 2 hivi. Lita moja basi ina gramu ishirini na kitu za lozi, kama punje ishirini, ujazo wa kiganja cha mtoto. Yaliyobaki ni maji, gamu ya kuyafanya mazito, na chumvi. Protini haifiki hata gramu moja kwa mililita 100, na hiyo kidogo iliyopo bado inakatika. Pesa ya pakiti hiyo inakununulia nazi za siku kadhaa. Ile ya Kitaliano iitwayo "latte di mandorla" mara nyingi ni kinywaji kitamu cha kunywa baridi. Kwenye chai ni sharubati.

Za mchele: maji ya sukari. Unga wa soya iliyokaangwa ni kinywaji chake peke yake, hutuama chini ya kikombe. Soya ya punje ukiweza kuipata ni rahisi kuliko zote: gramu 100, loweka saa nane ukibadilisha maji, toa maganda, saga na lita moja ya maji ya moto, chuja, chemsha dakika ishirini kamili, na simama hapo hapo kwa sababu hufurika.

Maneno ya pakiti za Kitaliano

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha mwaka 2017 kwamba soya haiwezi kuuzwa huko kwa jina la maziwa, kwa hiyo tafuta "bevanda di soia", yaani kinywaji cha soya. Ukiona "latte senza lattosio" rudisha rafuni. Hayo ni maziwa ya ng'ombe yasiyo na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Na hapa wauzaji wanastahili lawama zao: wanayapanga rafu moja na soya, na ukiuliza unajibiwa "ndiyo hayo hayo ya vegani". Si hayo. Asiyejua aseme hajui.

Jambo jingine ni stika ya bei. Inabandikwa juu ya tarehe ya mwisho kana kwamba pakiti nzima haina nafasi nyingine. Ibandue kidogo, ni haki yako. Pakiti iliyovimba usiichukue hata kwa nusu bei. Na bei zenyewe hupanda watalii wakiingia, wakiondoka zinasahau njia ya kushuka. Lamu ni zaidi, maana pakiti inalipiwa nauli mpaka Mokowe, kisha boti, kisha mchukuzi, na kwenye gati inasubiri juani. Mwenye ndugu anayekuja kutoka Malindi amwagize katoni nzima ya soya, zisizofunguliwa hazihitaji friji.

Kama umeshanunua soya ya "bio", isiyo na sukari wala gamu, usiitupe. Chemsha lita moja, epua, ngoja dakika tano, tia ndimu vijiko vikubwa viwili au vitatu kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Ikishajitenga, maji yakawa ya manjano, mimina kwenye kitambaa safi, kamua, kandamiza kwa kinu kidogo au mtungi wa maji nusu saa. Kata vipande, kaanga, tia kwenye mchuzi wa nazi badala ya samaki.