Jarida zuri, apu iliyotelekezwa: uzoefu wangu nikiwa Mikindani

Nianze na sifa, maana zinastahili. Jarida lenyewe ni zuri. Ni la Kiswahili, limekusudiwa sisi tuliostaafu na wale wanaokaribia, na wanaoliandika wanaijua kazi yao. Lina kurasa za afya, mambo ya mafao, kilimo cha uani, fumbo la maneno, na safu ya historia ambayo ndiyo iliyonifanya nijiunge. Makala ya kwanza niliyoisoma ilihusu ile reli ya mradi wa karanga, waliyoijenga Waingereza baada ya Vita vya Pili kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Mradi ulikufa mwaka 1951, reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari yenye kina tunayojivunia hapa Mtwara ilianzia hapo hapo. Marehemu baba alifanya kibarua kwenye reli ile. Mtu akiniandikia habari hiyo vizuri, ameshanipata.

Tatizo ni apu tunayolisomea. Jina lake silitaji. Anayeitumia ataitambua kabla hajafika nusu ya maelezo haya.

Nilikuwa muuguzi hadi nilipostaafu, kwa hiyo niruhusiwe kusema kidogo kuhusu macho. Mtu akishafika miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho inaanza kukakamaa, ndipo unamwona anasogeza gazeti mbali na uso. Baadaye wengine wanapata mtoto wa jicho, na hapo tatizo si ukubwa wa herufi peke yake. Rangi zinafifia, ukungu unaingia, kijivu na cheupe vinakaribia kufanana. Kila anayetengeneza kitu cha kusomwa na wazee angepaswa kuanzia hapo. Hawa hawakuanzia hapo. Kurasa zote za jarida zimewekwa kama picha: ukurasa mzima wenye safu tatu za maandishi, umebanwa kwenye kioo cha simu. Maelezo ya chini ya picha ni ya kijivu chepesi juu ya cheupe. Nimekuza maandishi kwenye mipangilio ya simu hadi mwisho, na meseji zangu sasa zinasomeka hata na mtu aliyekaa ng'ambo ya meza, lakini ndani ya apu hakuna kilichobadilika, kwa sababu simu haioni maandishi pale, inaona picha. Nikiwasha TalkBack, ile sauti ya kuwasomea wasioona vizuri, inanitajia vitufe kisha inanyamaza. Makala nzima haina neno hata moja la kuisomea.

Basi unavuta kwa vidole viwili. Ukurasa unakua, unasoma mistari kadhaa, unataka kuteremka, apu inadhani unafunua ukurasa. Unajikuta kwenye tangazo la kubeti. Ukirudi, ukurasa umeshajikunja kuwa mdogo kama mwanzo na hujui ulikuwa umeishia wapi. Mjukuu wangu anayesomea kompyuta alinieleza kuwa viko viwango vya kimataifa vya kurasa za intaneti kuhusu jambo hili: maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na msomaji aweze kuyakuza hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Kwa hiyo si kwamba bibi mmoja wa Mikindani anadeka.

Kuna siku nilikasirika kweli. Toleo hilo lilikuwa na makala ya kushuka kwa sukari kwa watu wanaotumia insulini. Dalili zilielezwa vizuri mno: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Mwisho wa ukurasa pameandikwa kwamba hatua za kuchukua ziko ukurasa unaofuata. Ukurasa unaofuata haufunguki. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha apu inajifunga yenyewe. Mimi la kufanya nalijua: kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji chenye sukari, subiri dakika 15, pima tena; ila akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali. Lakini jarida hili halikuandikiwa wauguzi. Linasomwa na mtu anayeishi na mwenza wake tu, watoto wako Dar, na yeye ndiye anayeshika bomba la sindano kila asubuhi. Huyo umempa hofu, tiba umebaki nayo wewe. Niliwaandikia siku hiyo hiyo. Ukurasa ule mpaka naandika haya haufunguki.

Halafu kuna hii habari ya kusoma bila intaneti. Wanaitangaza kwa herufi kubwa: pakua toleo, soma popote. Sisi wa kusini jambo hilo tunalihitaji kuliko wengi. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, mvua zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, malori na mabasi yakakwama huku na huku, na gazeti la karatasi lisingeweza kufika hata kwa dawa. Hazijapita siku nyingi, Mei 12, nyaya za intaneti zilizoko chini ya bahari nazo zikapata hitilafu, mtandao ukayumba nchi nzima. Hayo siwalaumu wenye apu, bahari si yao. Nilichojisemea ni kwamba afadhali nina matoleo niliyokwisha kuyapakua. Nikafungua. Apu ikaniambia niingie upya kwa neno la siri, na ili niingie upya inahitaji intaneti. Majarida yako ndani ya simu yangu, yamekula nafasi ya picha za wajukuu, na siruhusiwi kuyaona. Ni kama stoo ya dawa iliyojaa pomoni halafu ufunguo amepewa mtu aliyehamishwa kituo.

Huduma kwa wateja nitaipitia haraka, maana hakuna cha kuchelewea. Namba iliyoandikwa kwenye apu, ukipiga, ni yule dada wa siku zote: mteja wa namba unayopiga hapatikani kwa sasa. Barua pepe inarudi. Kilichobaki ni kisanduku cha ujumbe ndani ya apu yenyewe, ambako baada ya muda mrefu nilijibiwa, "Mpendwa mteja, futa data ya apu kisha uingie tena." Nikatii. Matoleo yote niliyopakua yakafutika. Nilipolalamika, nikajibiwa, "Bibi, mtafute kijana aliye karibu akuelekeze."

Hilo la kijana limenikaa kooni.

Wazee wa huku wanatumia simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo bibi zako wanatuma, wanapokea, wanalipia umeme, wanatunza hela ya kikoba humo humo. Siku hizi minada ya korosho inapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, na msimu ukianza Oktoba, wazee wa Newala na Tandahimba wanajua bei ya juu na ya chini ya mnada jioni hiyo hiyo kupitia makundi ya WhatsApp. Wanajua ghala gani, tani ngapi. Hakuna aliyemwita kijana. Kitu kikitengenezwa vizuri tunakijua siku hiyo hiyo. Kikitengenezwa ovyo, hata huyo kijana kinamshinda. Mjukuu wangu aliishika hiyo apu jioni nzima na akanirudishia simu akiwa amenuna.

Yeye ndiye aliyegundua kiini cha ugonjwa. Ukiifungua kwenye simu mpya kidogo, inatokea ilani kwamba apu hii iliundwa kwa toleo la zamani la Android. Akaangalia kwenye duka la apu tarehe ya mwisho kusasishwa: imepita zaidi ya miaka miwili. Mwenzangu wa kikoba alipewa simu mpya na mwanawe, akaitafuta apu ili tusome pamoja, haioni kabisa. Mimi naiona, yeye haioni, tukadhani simu yake ni feki. Kumbe Google huzificha apu ambazo hazijasasishwa kwa muda mrefu zisionekane na wateja wapya wenye simu za matoleo mapya. Maana yake ni kwamba hakuna msomaji mpya mwenye simu mpya anayeweza kuingia, na sisi tuliomo tunapungua kila simu inapokufa. Waandishi wanaendelea kuandika kila mwezi, sijui kama wameambiwa.

Matangazo nayo lazima niyaseme. Sipingi matangazo, jarida lina gharama. Lakini kumrushia mstaafu tangazo la kubeti na la mkopo wa dakika tano, likafunika makala inayomfundisha jinsi ya kulinda mafao yake, hilo ni la kuangalia upya. Na alama ya kulifunga ni ndogo kiasi kwamba kidole changu, ambacho kimekauka kwa kunawa spiriti miaka yote ya kazi, kinagusa tangazo badala ya alama. Nadhani wanalijua hilo.

Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yanakatwa kwenye salio la kawaida. Bei hiyo siilalamikii, hata ingekuwa 3,000 kwa jarida lile ningelipa. Ninacholalamikia ni kwamba makato hayajawahi kukwama hata mara moja. Sehemu pekee ya apu inayofanya kazi kwa ukamilifu ni ile inayokata hela.

Nimeipa nyota mbili, na zote ni za waandishi. Nikiulizwa ninachotaka, sitaki apu mpya yenye mbwembwe. Watutumie makala WhatsApp, maandishi yakiwa maandishi, si picha, tuyakuze wenyewe au tuyasikilize kwa sauti. Au watupe faili la kuchapisha. Pale mjini Mtwara kuna steshenari wanachapa kurasa kwa bei ya kawaida, na wako wenzangu ambao wangelipenda la karatasi wakae nalo barazani. Kwa sasa ndivyo ninavyofanya kwa zile makala zinazofunguka: napiga picha ya skrini, napunguza pembeni, nawatumia wenzangu. Inachosha, na najua si haki kwa wenye jarida, lakini watengeneze kwanza mlango ndipo watudai kiingilio.

Kama nawe unataka kujitoa, sikiliza hili. Kuifuta apu kwenye simu hakusimamishi makato. Mimi niliwahi kuifuta kwa hasira, kabla sijairudisha, na salio likaendelea kupungua. Tafuta ule ujumbe wa kwanza waliokutumia ulipojiunga, mwishoni kuna neno la kujitoa na namba fupi ya kulituma. Litume, subiri ujumbe wa kuthibitisha, utunze ujumbe huo, ndipo uifute. Ukiona bado wanakata, nenda na simu yako kwenye duka la mtandao unaoutumia uwaonyeshe ule ujumbe, waombe wakufungie huduma hiyo kutoka kwao. Mimi nilihudumiwa na binti mmoja mpole, hakuniambia nimtafute kijana.