Manunuzi yangu ya Krismasi Mwaloni: samaki ni rahisi, kazi iko kwenye udaga

Kwetu Nyegezi, jijini Mwanza, Krismasi si pilau. Bibi akivuka kuja kutoka Sengerema, mezani anategemea ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, sato wa kuchemsha, kuku wa kienyeji na nsansa (majani makavu ya kunde) ya karanga. Wali tunaupika kwa ajili ya watoto na wageni. Mwaka 2025 manunuzi niliachiwa mimi, na karibu kila kitu nilikipata soko la Mwaloni, Kirumba.

Nilifika asubuhi ya tarehe 24, jua ndiyo kwanza linachomoza. Dagaa walikuwa wa kumwaga, maana usiku ulikuwa wa giza. Hawa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, kwa hiyo angalia mwezi kabla hujapanga bajeti. Nilichukua sado moja nikaendelea.

Kwa sato nilimpata kijana ambaye sikuhitaji kumuuliza maswali mengi. Alifunua shavu la samaki mwenyewe, likawa jekundu limelowa, akaniambia, "Bonyeza hapa, dada." Nikabonyeza, nyama ikarudi palepale. Shilingi 12,000 kwa kilo, na kwa siku ya mkesha hakutaka kushuka. Nililipa bila kinyongo. Pembeni kulikuwa na mama anayepara, ana kipande cha mti kilichopigiliwa vizibo vya soda, na magamba yalikuwa yanaruka hadi kwenye kanga yangu. Samaki sita waliisha mikononi mwake kabla sijahesabu chenji.

Sasa udaga. Hapa ndipo nilipotaka kuwa makini, kwa sababu Krismasi iliyotangulia niliaibika. Nilinunua unga uliokwisha kusagwa kwenye duka moja la mtaani, mweupe na umefungwa vizuri, lakini ugali wake ukakwaruza meno kama umepikwa na mchanga. Bibi hakusema neno. Aliweka tonge pembeni ya sahani akaomba wali. Iliniuma, maana mwanamke huyu ametulea kwa muhogo.

Safari hii nikaamua kununua udaga wa vipande, nikausage mwenyewe. Mama mmoja mtu mzima alikuwa na gunia wazi. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia huku akinisogezea kigoda. Nikamuuliza ameuanika wapi.

"Juu ya mawe, mwanangu. Ukianika chini unauza vumbi."

Alivunja kipande mbele yangu. Kilivunjika kwa mlio mkavu, ndani kikiwa cheupe, na nje kuna weusi mwembamba ulioachwa na ule uvundikaji unaoupa udaga harufu yake. Harufu hiyo iwe kali kidogo ya uchachu. Ukisikia uvundo wa ukungu wa stoo, rudisha. Na kipande kikipinda badala ya kuvunjika, bado kina maji na hakitasagika vizuri. Nilinunua debe moja, nikakung'uta vipande nyumbani kimoja kimoja, kisha nikaupeleka mashineni. Nilimwomba kijana wa mashine anisagie baada ya mtu mwenye muhogo, siyo baada ya mahindi, na alinielewa mara moja.

Kwa yule yule mama nilipata nsansa na matobolwa ya kunywea chai. Ukiagiza mtu, mwambie wazi: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, vinatafunika hivyo hivyo. Michembe hukatwa vibichi, hiyo mpaka uichemshe. Dada yangu aliwahi kuleta michembe, watoto wakaishia kuilamba.

Karanga chukua mbichi, ukaange na kutwanga nyumbani. Beba ndoo yenye mfuniko na kapu, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na sato watakulowesha. Viatu viwe vya mpira.

Kuku wawili walikuja na bibi. Zamani tungekaa roho juu tukisubiri foleni ya kivuko pale Busisi, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji basi linazimaliza kwa dakika chache. Alifika mchana, kuku wakiwa bado wanapiga kelele kwenye tenga.

Siku yenyewe nilisonga ugali mwenyewe. Bibi alimega tonge la kwanza bila mboga, akalitafuna polepole huku akiangalia ukutani, anausikilizia mchanga. Kisha akavuta bakuli la nsansa karibu yake, akamega la pili.