Toyota 86 ya mtumba: nililala chini ya gari kabla ya kutoa pesa

Nimeiendesha Toyota 86 yangu, gari dogo la spoti, miezi kumi sasa hapa Mombasa, na kila anayeniuliza habari zake huuliza spidi. Spidi ipo. Injini ya lita 2, nguvu farasi 200 na ushei, gia sita za mkono, kwa barabara zetu na matuta yake imezidi. Mimi nataka kueleza kutu, kwa sababu kutu ilibaki kidogo inilie akiba ya miaka minne.

Gari la kwanza nililikuta yadi moja mjini, jekundu, la 2017, linang'aa kama limeshushwa kiwandani jana. Kwa kanuni ya Kenya ya magari yasiyozidi miaka 8, mwaka 2024 halikuwa na tatizo la umri. Muuzaji akaniletea soda, akanifunulia karatasi ya mnada ya Japani: daraja la 4. "Bosi, hii ni safi, na waranti nakupa." Nikaona ile 4 nikaridhika.

Shemeji yangu, ambaye ameshaagiza magari kadhaa, akanikataza kusoma daraja kabla ya kusoma mchoro. Kwenye karatasi hizo huchorwa umbo la gari likajazwa herufi: A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Namba iliyofuatana na herufi ikipanda, hali imezidi. Mchoro wa gari lile ulikuwa na A mbili tu. Ila pembeni palikuwa na mwandiko wa Kijapani ambao muuzaji aliuruka. Shemeji akaupiga picha kwa simu, akautafsiri palepale: shitamawari sabi. Kutu upande wa chini.

Tukaomba na cheti cha kusafirishia. Namba ya mwisho ya usajili wa gari kule Japani ilikuwa ya Sapporo, kisiwa cha Hokkaido, ambako theluji hulala miezi na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Yaani gari limelelewa kwenye chumvi, kisha linaletwa kuishi kwenye upepo wa bahari.

Hata hivyo sikuliacha papo hapo. Lilikuwa jekundu, yakhe. Nikalipa shilingi 4,000 kwa fundi mmoja mzee wa Changamwe mwenye shimo la ukaguzi, muuzaji akanung'unika, mwisho akalileta. Chini tukakuta rangi nyeusi ya lami imepakwa mpya, hata harufu haijaisha. Fundi hakusema neno. Alianza kugonga kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mbele akirudi nyuma, na mimi nikasikia tofauti mwenyewe: bati zima lilikuwa likilia, alipofika kwenye kingo ya chini ya mlango wa kushoto sauti ikaziba. Akachokoa kidogo. Yakamwagika magamba mekundu, kama mtu anaparua samaki changu. Boliti za mikono ya sasipensheni ya nyuma zilikuwa zimevimba hadi spana haikai.

Na ile waranti? Niliomba niisome, nikapewa karatasi moja: miezi 3, injini na gia basi. Kutu, rangi, bodi na sehemu zote za chini hazimo. Waranti ya kawaida ya kiwandani ya Toyota kule Japani ni miaka 3 au kilomita 60,000, kwa hiyo ilikuwa imeshakufa 2020, na hata ingekuwa hai isingevuka bahari pamoja na gari. Watengenezaji wanaotoa waranti ya kutu nao kwa kawaida huhesabu bati lililotoboka kutoka ndani kuja nje. Kutu ya juujuu ni yako.

Nililonunua ni la kijivu, la mwaka uleule, kutoka yadi nyingine. Namba yake ya mwisho ilikuwa ya Nagoya, ambako theluji ni ya kuhesabu siku. Siku ya kulikagua nilijifanya mjuzi, nikaja na sumaku ya spika. Milangoni ikashika vizuri. Kwenye boneti ikadondoka. Nikapandwa na joto, nikaanza kumfokea kijana wa watu kwamba boneti imejazwa fila, ule uji mgumu wa kuzibia bati ambao sumaku haushiki. Fundi akacheka mpaka akashika kiuno: boneti ya 86 ni aluminiamu tangu kiwandani, nayo sumaku haiishiki. Niliomba radhi.

Shimoni tulikuta kutu ya kawaida kwenye eksozi na kwenye diski za breki, basi. Nikanyanyua zulia la buti, nikatia mkono mpaka chini, kavu. Kutu wakakataa kuiandika kwenye waranti yao ya miezi 3, lakini wakapunguza bei kidogo, na pesa ile nikampa fundi anyunyize nta ndani ya kingo na matundu ya chasisi.

Waranti yenyewe niliijaribu mara moja. Mwezi wa pili beringi ya klachi ikaanza kulia. Nikaenda na karatasi yangu, nikajibiwa kwamba klachi si gia. Nikalipa mwenyewe.

Viti vya nyuma ni vya kuwekea mkoba, usimdanganye mtu kwamba atakaa. Na feri ya Likoni nimeihama: bampa la mbele hukwaruza kwenye ngazi ya kupandia, na maji kupwa au kujaa, pale chini huwa hapakosi maji ya bahari. Nikienda Kusini naomba gari la ndugu yangu.

Kinachonishughulisha zaidi ni kuosha. Sehemu nyingi za kuoshea magari hapa mjini hutumia maji ya kisima yenye chumvi, wanakung'arishia juu huku chini wanakupandia kutu. Nanunua maji matamu, madumu mawili kila Jumapili, nalilalia gari kwenye mkeka na kulimwagia chini kwa mpira. Majirani wameshazoea. Mwezi uliopita fundi aliliangalia tena, akakuta boliti moja imeanza wekundu, akaisugua kwa brashi ya waya na kuipaka nta. Tumeagana nirudi masika yakiisha.