Pleti za gundi za bolti moja: nunua, ila nunua mbilimbili

Tuanze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila bosi. Pleti moja ya kubadilisha haraka (pleti ni kipande cha chuma chenye vitundu vya kutolea gundi mashineni), ile inayobanwa kwa bolti moja badala ya nne, inauzwa karibu mara mbili ya pleti ya kawaida. Hapo hujanunua kibano chake, ambacho huuzwa peke yake, na hujaongeza VAT ya asilimia 18. Mhasibu wetu aliposoma ankara aliniita ofisini. "Dada, hiki ni chuma au tanzanite?" Nikamwambia ni chuma cha pua, na kama anataka kucheka acheke mwisho wa mwezi.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha pedi na pampasi, barabara ya Nyerere, upande wa Vingunguti, Dar es Salaam. Kwa asiyeijua kazi hii: pampasi haishonwi, inagandishwa. Nailoni ya nyuma, ile pamba ya katikati, kitambaa cha juu na lastiki za mapajani vyote vinashikana kwa gundi ya moto. Gundi inakuja ikiwa imeganda, inayeyushwa kwenye tangi kwa nyuzi joto 150 hivi, inasukumwa na pampu ya gia kupitia mpira wenye hita ndani yake mpaka kwenye kichwa. Chini kabisa ya kichwa ndipo inapokaa pleti. Pleti ndiyo inayoamua gundi itoke vipi: mstari mmoja, utepe mpana, au uzi mwembamba unaozungushwa na upepo wa moto ukashuka kwa duara. Laini nzima ya mamilioni inategemea kitundu ambacho upana wake ni kama nusu milimita.

Na kitundu kinaziba. Gundi yoyote ikikaa sana kwenye moto inaungua: inageuka kahawia, halafu nyeusi, mwisho inakuwa masizi magumu yasiyoyeyuka tena. Umeme ukikatika katikati ya shifti, gundi inaganda humohumo. Ukirudi, kila kitu kinapashwa upya na masizi yanabanduka kwenye kuta za tangi. Mengi hunaswa na filta, machache yanapita. Utayajua kwa kutazama uzi wa gundi: ulikuwa unazunguka vizuri, sasa umelalia upande mmoja. Tundu la gundi limeziba nusu, au limeziba moja la upepo. Ukijifanya hujaona, lastiki itashikwa nusu, na atakayekuja kukuambia ni mama wa Tandika ambaye mtoto wake amelowa hadi mgongoni.

Kwa pleti za zamani, dawa yake ilikuwa kuifungua. Lakini kufungua kwenyewe! Kichwa ni cha aluminiamu, bolti ni za chuma, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukizungusha hivyo kila siku, pasha, poza, pasha, poza, bolti zinang'ang'ania. Ukilazimisha, uzi wa skrubu ulio ndani ya aluminiamu unatoka pamoja na bolti, na hapo umeshaharibu kichwa, kitu ambacho bei yake sitaki hata kuitaja mbele ya mhasibu. Kwa hiyo watu waliogopa. Hawafungui. Wanachokonoa kitundu kwa sindano mashine ikiwa ya moto, wameinama chini ya kichwa, gundi inawadondokea kwenye glavu. Au wanapiga moto wa gesi palepale. Nimekuta pleti zilizopindwa na moto wa namna hiyo, matundu yamepanuliwa kwa pini, halafu watu wanalalamika kwamba mashine inakula gundi.

Muuzaji, wakala mmoja wa hapa mjini, alininadia hizi pleti mpya kwa neno moja: dakika. Kwamba utabadilisha kwa dakika mbili. Ni kweli, na pia si kweli. Unalegeza bolti moja kwa spana ya L, kibano kinaachia, pleti inateremka. Ya pili unaipandisha, pini mbili za kuongozea zinaingia kwenye matundu yake, unakaza, basi. Ila hiyo ni kichwa kikiwa cha moto. Kikiwa cha baridi, gundi iliyoganda inaishika pleti hata kama bolti umeshaitia mfukoni, na atakayeipiga kwa bisibisi ataikwaruza uso. Kwa hiyo weka kwenye hesabu muda wa kupasha.

Weka pia muda wa kushusha presha, jambo ambalo muuzaji hakuligusa kabisa. Pampu izimwe, moduli, yaani vali ya kichwani inayofungua na kufunga gundi, ifunguliwe kwa mkono gundi imwagike kwenye kopo, ndipo upepo wa kuendeshea moduli ukatwe. Ndipo ushike spana. Urahisi wa bolti moja una hatari yake: kijana anaona kama anabadilisha balbu. Glavu nene, miwani, mikono mirefu. Na gundi ikimdondokea mtu, isibanduliwe kwenye ngozi. Apelekwe kwenye maji baridi yanayotiririka, akae hapo dakika 20, halafu hospitali. Hili nimelibandika ukutani karibu na mashine kwa herufi za kuonekana toka mlangoni.

Sasa niseme kilichonifanya nizipende, na si dakika. Ni kwamba watu wameacha kuogopa kuitoa pleti. Pleti chafu inatoka, safi inaingia, laini inaendelea, na ile chafu inakwenda mezani kwa fundi. Usafi sasa unafanyika kwenye mwanga, mtu amekaa kwenye stuli, haharakishwi na msimamizi aliyesimama nyuma yake akitazama saa. Tunailoweka kwenye mafuta ya kusafishia yaliyopashwa, masizi yanalainika, tunasugua kwa brashi ya shaba nyeupe, tunapuliza upepo kutokea nyuma ya tundu. Chuma hakiguswi kwa chuma. Petroli na thina hazikaribii hiyo meza, maana panapopashwa mafuta hapo hapo mvuke wa petroli unatafuta cheche tu. Tangu tumeanza hivi, sijaona tena pleti iliyochokonolewa kwa sindano. Kijana wa shifti ya usiku, ambaye mwanzoni alikuwa akinipigia simu saa nane usiku, "Mama, uzi umelala," siku hizi namkuta asubuhi ameweka pleti chafu mezani juu ya kitambaa, ameandika karatasi: moduli ya tatu, upepo.

Ndiyo maana nasema mbilimbili. Ukinunua pleti moja kwa kila moduli umenunua bolti rahisi tu, kwa sababu ikiziba itabidi laini isubiri mpaka isafishwe, na mtu anayesubiriwa na laini nzima atarudi kwenye sindano na moto wa gesi. Faida iko kwenye ile ya pili. Kama fedha haitoshi, acha vichwa vingine na pleti za zamani, anza na vile vya lastiki, ambavyo ndivyo vinavyoziba sana kwa sababu ya matundu ya upepo. Kichwa cha kupaka nailoni ya nyuma, chenye mdomo mrefu, kinaweza kusubiri.

Kasoro zipo, na kubwa ni oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji. Pleti ya zamani iligusana na kichwa moja kwa moja; hii inakalia oringi ndogo, moja ya gundi na nyingine ya upepo, na kila ukibadilisha pleti unazichosha. Zikiisha, mtu anakimbilia Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Gerezani utapata oringi za kila kipimo, na nyingi ni za nitrile, mpira mweusi wa kawaida unaohimili nyuzi joto 100 na kidogo. Kwenye nyuzi 150 itakuwa ngumu, itapasuka, na gundi itavuja kuingia njia ya upepo. Ukishafika hapo hakuna pleti ya haraka itakayokuokoa: masizi yatajaa ndani ya kichwa chenyewe. Zinazotakiwa ni za Viton, mpira wa aina nyingine, ambazo zinahimili mpaka nyuzi 200. Usiamini rangi, kwa sababu za Viton nazo zinatengenezwa nyeusi. Nunua kwa mtu atakayeandika aina kwenye risiti, na kama hataki kuandika, tabasamu, muage, nenda duka la jirani. Mimi naagiza oringi pamoja na pleti, pakiti nzima, naziweka stoo kwenye kopo lenye kifuniko.

Kasoro ya pili ni ndogo ila inaudhi. Pleti ya uzi wa kuzungukia kulia na ya kuzungukia kushoto zinafanana mno, na alama iliyochongwa pembeni ni ndogo kiasi kwamba ikishapakwa gundi haionekani. Kwa bei ile wangeweza kuchonga herufi ya kusomeka. Tumechonga alama zetu wenyewe kwenye ukingo, mbali na uso unaokalia oringi.

Tulijaribu pia za kuiga. Wakala mwingine alituletea kwa bei ya chini sana, na sikuwa na sababu ya kuzikataa bila kuzipima. Si kila cha bei rahisi ni kibovu. Kwa vanie, kile kipimio cha upana na unene, vipimo vya nje vilikuwa sawasawa na za mtengenezaji wa kichwa. Nikazilaza moja moja juu ya kioo, nikamulika tochi kutokea upande wa pili. Baadhi zilipitisha mwanga katikati, maana yake hazijanyooka. Halafu mfereji wa oringi ulikuwa na kina zaidi ya wa zile halisi, kwa hiyo oringi inazama na haibanwi vya kutosha. Nilizisugua juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo hicho hicho, zikanyooka, na kina cha mfereji kikapungua kidogo. Zinafanya kazi hadi leo kwenye kichwa kisicho na upepo. Lakini kitu unachokinunua halafu ukakimalizie mwenyewe, hesabu na mshahara wako wewe unayesugua.

Mhasibu alirudi mwisho wa mwezi, kama nilivyomwalika. Hakuuliza habari za dakika. Aliuliza kwa nini gundi imebaki stoo. Sababu ni zile pleti zilizopanuliwa kwa pini, ambazo sasa zimeondoka: tundu likiongezeka kidogo tu kwa upana, uwiano wote unavurugika, na watu wanaongeza gundi ili kufidia. Kwenye pedi hilo si jambo dogo. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye pedi, mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Biashara hii inaishi kwenye shilingi chache kwa kila pakiti, na gundi ni moja ya sehemu chache ambazo fundi anaweza kuzigusa.

Wasiozihitaji nao wapo. Kama una mashine ya kufunga maboksi inayotoa matone au mstari wa gundi, nozo zako, yaani midomo ya kutolea gundi, ni za kufungua kwa spana moja tayari, kila moja peke yake. Usidanganywe. Kama unatengeneza bidhaa ya saizi moja mwaka mzima na jenereta yako inawaka yenyewe umeme ukikatika, nunua filta nzuri kwanza, pleti baadaye. Lakini kwa anayehama kutoka pampasi ndogo kwenda kubwa, kutoka uzi kwenda utepe, ndani ya wiki moja, zina maana.

Ukiamua kuagiza, usitume jina la mashine peke yake, maana kichwa kimoja hutoka na vibano tofauti kulingana na mwaka wake. Mpelekee muuzaji picha ya namba iliyochongwa ubavuni mwa moduli, umbali kati ya pini mbili za kuongozea, na idadi ya matundu ya upepo yanayozunguka tundu la gundi. Muulize kama kibano kimo kwenye bei. Muulize oringi ni za nini. Na mwambie kabisa unataka pleti mbili kwa kila moduli, uone kama kuna punguzo. Sisi lilikuwepo, ila ilibidi tuliombe.