Nilinunua blowa ya kukaushia gari Kariakoo, nikaambiwa nimlete mume wangu

Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta, mashine iliyokufa mkono huu, risiti mkono huu. Kijana ambaye ningeweza kumzaa akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mama, mwambie baba mwenye gari aje mwenyewe, sisi tutaelewana naye."

Gari ni langu. Kadi ina jina langu. Mafuta naweka mimi, bima nalipa mimi, na kila Ijumaa na Jumamosi naliosha kwa mikono yangu hii. Zimeshapita wiki kadhaa na maneno yale bado yananikaba. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni kuhusu blowa, lakini msishangae nikirudi kwa yule kijana.

Nina Crown nyeusi ninayoikodisha kubebea maharusi. Kazi hii haina msamaha. Mpiga picha anaisogelea boneti mpaka anakaribia kuibusu, na doa utakaloacha litakaa kwenye albamu ya watu maisha yao yote. Mwenye gari jeusi hapa Dar ananielewa. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kama visima vingi vya huku pwani. Ukiliacha gari likauke lenyewe juani, kila tone linaacha duara jeupe, na duara hilo likishapigwa jua siku mbili tatu halitoki tena kwa maji na sabuni. Ukisema ufute kwa taulo, hata ile laini ya maikrofaiba, kichanga kilichobaki unakiburuza juu ya rangi. Njoo ulitazame gari saa saba mchana: mikwaruzo myembamba imejizungusha kama utando wa buibui.

Na kuna maji yaliyojificha. Yamo nyuma ya vioo vya pembeni, ndani ya vitasa, kwenye shoo (ile grili ya mbele), kwenye matundu ya nati za tairi, chini ya mpira wa buti. Unafuta gari lote, unalipamba maua na riboni, unaliondoa taratibu, na kabla hujafika getini mchirizi umeshashuka kutoka kwenye kioo cha pembeni mpaka chini ya mlango. Riboni nyeupe imelowa. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Hapo ndipo nilipoamua kutafuta upepo, kwa sababu upepo haugusi rangi.

Dukani walianza kunionesha blowa ya betri. Kwenye boksi imeandikwa 288VF kwa maandishi makubwa. Nikamuuliza yule kijana hiyo VF ni nini, akasema ni volti, nguvu yake ni volti 288. Si kweli. Jirani yangu ana mashine ya aina hiyo, na betri yake ilipokufa tuliifungua tukakuta seli 5 zimeungwa mfululizo. Seli moja ya lithiamu ikijaa kabisa ni volti 4.2, kwa hiyo zote tano ni volti 21. Hiyo 288 haihusiani na chochote kilichomo ndani ya betri ile. Na ya jirani haikuwahi kumaliza gari moja kabla haijaanza kulegea. Ningekuwa na akili iliyotulia siku ile ningegeuka nikaondoka, maana aliyekudanganya namba ya betri atakudanganya na mengine. Lakini nilikuwa na harusi wikiendi ile, jua lilikuwa kali, na Kariakoo ukishatembea tangu asubuhi unataka kumaliza. Nikasema nataka ya waya.

Akanitolea ya waya, yenye mfuko. Ukifunga bomba huku inapuliza. Ukihamishia bomba upande wa pili na kufunga mfuko inavuta vumbi. Ikanipendeza, maana kapeti na siti navyo vina kazi yake. Nikamuuliza: "Na maji je, inavuta?" Akasema, "Inavuta mpaka maji mama, hii ni kiboko." Nikamuuliza mara ya pili, kwa sababu wageni wa harusi humwaga vinywaji kila safari: "Una hakika inavuta maji?" Akacheka, akamwambia mwenzake, "Mama hatuamini." Nikalipa shilingi 85,000. Risiti nilidai mwenyewe, akaitoa huku ananuna.

Sasa niseme na uzuri wake, kwa sababu haki lazima itendeke hata kwa mashine. Siku ya kwanza kuitumia nilitaka kulia kwa furaha. Nilianza na paa, nikashuka kwenye vioo, kisha boneti, kisha milango, tairi mwisho. Maji yanakimbia mbele ya upepo kama kuku wanavyomkimbia mwewe. Unaielekeza nyuma ya kioo cha pembeni, yanatoka maji ambayo ungeapa kwamba hayapo. Kwenye shoo yanaruka nje. Kwenye nati za tairi unaona kutu ya njano ikichuruzika na kuisha. Gari ambalo nilikuwa nalikausha saa nzima lilikauka kwa dakika kama 20, na taulo niliigusisha tu pale palipobaki unyevunyevu. Wiki tatu nne za mwanzo nilimsifia kila mtu mashine ile. Dada yangu alinunua kwa kunisikia mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mambo machache niliyojifunza mwenyewe, kwa sababu kijitabu kilichokuja nayo ni Kichina kitupu na hakuna aliyenieleza. Usiiweke mashine chini kwenye mchanga ikiwa inazunguka, wala usiishike karibu na ardhi. Pale inapoingizia hewa hakuna chujio, inanyonya kichanga na kukitema kwenye rangi yako kwa kasi. Bomba liinamishe, usilielekeze wima; upepo ukipiga wima maji yanatawanyika na kurudi pale ulipokwisha kukausha. Waya wa ekstensheni uchague mnene, na kama umezungushwa kwenye gurudumu lake ufungue wote hata kama gari liko mita tano tu, maana waya uliojikunja unapata joto kwa kazi ndefu. Mimi wa kwanza ulilainika plastiki. Na vaeni ndala za mpira, tafadhali. Uwanja umelowa, umeme uko mkononi, hapo hakuna mchezo. Plagi na kiungo cha ekstensheni mimi navitundika juu ya mti, havigusi chini hata siku moja.

Mpaka hapo ningewaambia wote nendeni mkanunue.

Kisha ikaja Jumamosi ile, baada ya Idi, harusi zilipokuwa zimebanana. Asubuhi nilibeba maharusi wa kwanza, mtoto mmoja akamwaga chupa nzima ya maji kwenye kapeti la nyuma. Kesho yake nilikuwa na bibi harusi mwingine. Nikarudi nyumbani, nikafunga mfuko kwenye blowa, nikaanza kuvuta maji kama nilivyoambiwa. Ilivuta kama nusu dakika. Sauti ikabadilika, ikawa nzito. Nikaona cheche za buluu kwenye matundu ya pembeni, harufu ya kuungua ikanijia puani, nikachomoa plagi. Nilipoirudisha baadaye haikutoa hata mlio.

Nililaza mataulo kwenye kapeti, nikayakanyaga, nikayakamua, nikaacha milango wazi usiku kucha na feni ya mezani inapuliza. Asubuhi kulikuwa bado na unyevu. Bibi harusi alipanda na gauni lake, na pindo likashika tope jepesi lililotoka kwenye uzi wa kapeti. Mama yake aliliona kabla yangu. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akainama, akalifuta kwa kitambaa chake. Nilimrudishia nusu ya pesa ya kukodi bila kuombwa, na ningerudisha yote kama ningekuwa nayo.

Jumatatu nikarudi dukani. Nilisalimia vizuri. Nikamweleza yule kijana, uliniambia inavuta maji, nimevuta maji, imekufa. Akaipokea, akaigeuza, tone likatoka. Akasema kwa sauti ambayo kila mteja alisikia, "Hii umeiingizia maji." Nikamwambia ndiyo, kwa sababu wewe uliniambia. Akasema, "Mimi? Hakuna mtu anaweza kusema hivyo." Mwenzake, yuleyule aliyeambiwa siku ile kwamba mama hatuamini, akajifanya anapanga maboksi. Nikatoa risiti. Akanionesha kwa kidole maandishi ya chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikasema basi nipe fundi wenu anitengenezee, nitalipa. Hapo ndipo akashika simu yake na kuniambia nimlete baba mwenye gari.

Kulikuwa na wateja sita au saba. Mzee mmoja alicheka. Mwanamke mmoja akatazama chini. Mimi nikawaza mambo mengi ya kusema na nikasema moja tu, "Mwenye gari ndiye mimi." Kijana akajibu, "Haya mama," kwa ile sauti ya kumnyamazisha mtoto, akamgeukia mteja mwingine.

Mashine kufa, hilo ni jambo la kawaida. Kila chenye mota hufa. Lakini mtu aliyenidanganya mimi, akachukua pesa kutoka kwenye mkono wangu mimi, siku ya kujibu akataka kuongea na mtu ambaye hata hayupo! Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuiona hiyo Crown. Niliinunua baada ya yeye kuondoka, kwa mkopo wa vikoba na miaka mitano ya kupika maandazi saa tisa usiku. Yule kijana hakujua hilo, ndiyo. Lakini hakuhitaji kulijua ili aniheshimu.

Nilitoka nikashuka upande wa Gerezani kwa mafundi. Nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, nikamwamkia shikamoo, akaitika na kuniuliza habari za nyumbani kabla hajauliza habari za mashine. Akaifungua mbele yangu. Akanionesha kaboni mbili zinazosugua kwenye mota, moja imevunjika, nyingine imenata kwa uchafu uliolowa. Akaanika, akasafisha, akaweka kaboni mpya. Shilingi 12,000. Ikawaka.

Kisha akanieleza kitu ambacho ningepaswa kuambiwa kabla sijalipa. Mashine ya kuvuta maji ina tangi, maji yanaangukia humo, na juu ya tangi kuna boya. Maji yakipanda, boya linapanda nayo na kuziba njia ya kuvuta, na mota yake inapozwa na hewa nyingine kabisa, si ile iliyopita kwenye maji. Hii yangu kila inachokivuta kinapita kwenye feni yake, jirani kabisa na mota. "Hii mwanangu ni ya upepo na vumbi kavu. Aliyekwambia maji hakukutakia heri." Dakika arobaini hivi, na hakuniuliza hata mara moja gari ni la nani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ipi? Nilianza kuandika nikiwa nimekusudia kusema msinunue. Halafu Ijumaa iliyopita nimekausha nayo Crown, na kusema kweli inakausha vizuri kama siku ya kwanza, pengine na zaidi kwa zile kaboni mpya. Kwa kukaushia tu, nunueni, na mtu asikwambieni kwamba lazima upate ile ya bei ya laki kadhaa. Kwa kuvutia vumbi la siti inatosheleza, ingawa mfuko wake unavuja vumbi laini kwenye mshono na itabidi mfunge kitambaa mdomoni. Hivyo ndivyo ninavyoona nikiwa nimetulia.

Nikikumbuka lile pindo la gauni, sitaki mtu yeyote atoe hata senti kwa mashine hii wala kwa wanaoiuza bila kuandika hata mstari mmoja wa Kiswahili kwamba maji yanaiua. Mstari mmoja tu kwenye boksi! Nafasi ya kuandika 288VF wanayo.

Risiti bado ninayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo, kwa hiyo nimeandika malalamiko yangu kurasa mbili na nimeambatanisha nakala ya risiti na ya kadi ya gari, ili pasiwe na swali la mwenye gari ni nani. Dada yangu nimempigia, nimemwambia ule mfuko asiuguse penye majimaji.

Sasa natafuta vakyumu ya maji na vumbi, ile yenye tangi na boya, isiyozidi lita 20 ili niweze kuibeba peke yangu. Aliyenunua Dar na bado inafanya kazi anielekeze duka, na aniambie kama wauzaji wa hapo wanakufungulia tangi ulione boya kwa macho yako kabla hujalipa.