Vijisanamu vya mchezo wa mezani: kipi ununue kwanza ukiwa Kisumu au Nakuru

Pesa za kwanza zisiende kwenye vijisanamu. Najua halipendezi hilo, maana kinachomvutia mtu ni joka, si brashi. Lakini masanduku ya plastiki ya kijivu yanayokaa juu ya kabati bila tone la rangi ni mengi kuliko yanayofika mezani, na mara nyingi mwenyewe keshaagiza mengine. Huku kwetu kitu kinakuja kwa ndege, kinapita forodha, kinaongezwa VAT ya asilimia 16, ndipo kipande basi kutoka Nairobi. Ukigundua Ijumaa kwamba huna rangi ya kahawia, huna pa kukimbilia. Kwa hiyo nimevipanga kwa kigezo kimoja tu: kipi unaweza kukimaliza kwa vifaa vinavyopatikana mjini, bila kusubiri mzigo wa pili.

Namba moja: vilivyokuja na praima tayari

Kampuni ya WizKids ya Marekani hutoa vijisanamu vya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza mashujaa na majoka, vinavyoitwa Nolzur's Marvelous Miniatures. Vinakuja vimeunganishwa, na vimeshapakwa praima, ile rangi ya chini inayofanya rangi nyingine zishike. Unafungua pakiti, unaanza kupaka. Karibu sawa navyo ni Bones za Reaper, kampuni ya Denton, Texas. Za kawaida ni za plastiki nyeupe laini, na hazidai praima: zioshe kwa sabuni ya vyombo, zikaushe, na rangi ya kwanza usiiongeze maji, la sivyo itajikusanya matone matone na kuteleza.

Kwa nini naishikilia sana habari ya praima? Kwa sababu kopo la kupuliza halipandi ndege kwenye parseli ya kawaida. Lina gesi ya shinikizo na wasafirishaji hulikataa. Makopo ya hadiwea yapo, yale ya magari, na kwenye plastiki ngumu yanafanya kazi. Kwenye plastiki laini kama ya Bones yanaweza kukuachia uso unaonata siku nenda siku rudi. Halafu Kisumu ina shida yake. Hewa ya ziwa ikiwa na unyevu, hasa alasiri mawingu yakianza kujikusanya, rangi ya kupuliza hukauka na chengachenga kama mchanga mwembamba, na uso wa shujaa wako unapotea chini yake. Puliza asubuhi, jua likiwa limetoka na nguo kwenye kamba zinakauka vizuri. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na hewa ni kavu zaidi. Kule adui ni vumbi, kwa hiyo funika kazi yako na ndoo mara tu unapomaliza.

Upungufu wa namba moja ni kwamba panga na mikuki huja imepinda. Chovya kwenye maji yanayokaribia kuchemka, inyooshe kwa vidole, kisha itumbukize haraka kwenye maji baridi. Itakaa.

Namba mbili: vya kuchapisha kwa printa ya 3D

Unanunua faili, unampelekea kijana mwenye printa, unalipa kwa M-Pesa. Hakuna forodha hapo. Tofautisha tu printa mbili. Ile ya uzi wa plastiki huacha mistari ya tabaka, kwa kawaida kila milimita 0.2, na kwenye mtu wa milimita 28 mistari hiyo inapita katikati ya pua na macho. Itumie kwa nyumba, kuta na mazimwi makubwa. Kwa watu, tafuta printa ya resini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, ambayo tabaka zake ni milimita 0.05 au chini ya hapo.

Unapopokea kazi ya resini, ishike kwanza ikiwa ndani ya mfuko. Ikinata au ikitoa harufu kali, haijaoshwa wala kuanikwa kwenye mwanga wa kutosha, na resini mbichi inadhuru ngozi. Irudishe. Usikubali kuambiwa "itakauka tu nyumbani".

Namba tatu: Citadel

Kwa ustadi wa uchongaji, hawa ndio wakubwa, na anayebisha tutaonana. Citadel ilianza 1979 chini ya Games Workshop ya Uingereza, michezo yao ya vita ikafuata, Warhammer 1983 na Warhammer 40,000 mwaka 1987. Vipande vinakuja kwenye fremu, unavikata, unavikwangua, unaviunga. Ndipo gharama inapoanza kupanda: unahitaji koleo la kukatia lenye uso bapa, kisu chembamba, na gundi ya plastiki ambayo huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Gundi hiyo nayo inashika moto, kwa hiyo posta haiitaki. Supaglu ya dukani inafanya kazi, ila kiungo chake hukatika kijisanamu kikianguka. Kwa makali ya fremu tumia tupa ya kucha kutoka duka la vipodozi, inatosha kabisa.

Ukiamua kununua, nunua sanduku la kuanzia la majeshi mawili, mgawane na mwenzako. Na ukiona mtandaoni jeshi zima kwa robo ya bei, hiyo ni nakala ya kughushi iliyomiminwa kwa resini, yenye mashimo ya hewa na vidole vilivyokatika.

Namba nne: vinyago vya mtumba

Hapa ndipo soko la Kibuye, Kisumu, linapotushinda sote. Jumapili, kwenye mafungu ya vinyago vya watoto, kuna dainosaria, askari, farasi, buibui, wakati mwingine hata mifupa ya Halloween iliyotoka Ulaya. Dainosaria mwenye urefu wa kiganja, ukimkwangua mshono wa tumboni na kumpaka kijani kilichoiva, ni joka ambalo kwa bei ya kigeni usingeligusa. Mama anayeuza atakuuliza mtoto ana miaka mingapi. Mwambie tu anakua.

Kagua plastiki kabla ya kulipa. Ikunje kidogo, ikwangue kwa ukucha. Ikiwa ngumu na inatoa unga, nzuri. Ikiwa inateleza kama imepakwa nta, rangi itabanduka vipande vipande, kwa hiyo ioshe vizuri na uipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji, tabaka moja nyembamba. Kisha angalia kipimo: msimamishe kando ya shujaa wako. Askari wengi wa mtumba ni warefu mno, na hao wafanye majitu.

Namba tano: mawe ya Tabaka

Wachongaji wa Tabaka, Kisii, huchonga seti nzima za sataranji, kwa hiyo nguzo, kaburi au sanamu ya hekalu kwao ni kazi ndogo. Omba kipande kisichopakwa nta, maana rangi haishiki juu ya nta. Ukitaka kukisugua, kisugue ndani ya maji ili usivute vumbi. Kikianguka sakafuni kinavunjika, ndiyo maana kiko hapa chini.

Vya chuma viache. Ni vizito kwenye parseli, na rangi huchubuka kwenye ncha.

Sasa rangi

Rangi za akriliki za tyubu kutoka duka la vitabu zitakufaa kwa mawe na ardhi. Kwenye uso wa mtu ni nzito na chembe zake ni kubwa, zinaziba kila kitu. Kwa watu, nunua Vallejo ya Hispania kwanza. Chupa yake hutoa tone moja moja, na kwenye joto la Kisumu hilo ni jambo kubwa. Army Painter ya Denmark inafuata, chupa zake ni za namna hiyo hiyo. Ukinunua Speedpaint yao, rangi ya kupaka tabaka moja tu, hakikisha imeandikwa 2.0, kwa sababu toleo la kwanza la 2022 huamka, yaani huyeyuka tena, ukilipitishia rangi yenye maji juu yake. Rangi ya Citadel ni nzuri, kopo lake ndilo tatizo: kifuniko kikishika rangi pembeni hakifungi sawasawa, na baada ya muda unakuta donge.

Nane zinatosha: nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, buluu, kahawia, fedha, na moja ya majimaji ya kahawia iliyokolea ya kuingia kwenye mikunjo. Rangi ya ngozi inayokuja kwenye seti nyingi ni ya waridi; iache. Changanya kahawia na nyekundu kidogo, na sehemu zinazopata mwanga, yaani pua, kipaji na vifundo vya vidole, uongeze njano na nyekundu kidogo, si nyeupe. Nyeupe huifanya ngozi nyeusi ionekane kama ya mtu aliyetoka kuoga asipake mafuta.

Brashi: namba 1 na namba 2 za sintetiki zenye ncha iliyokutana vizuri. Zile nyembamba kama uzi hukausha rangi kabla haijafika jichoni. Ukizihitaji kweli, wauza vifaa vya kucha wanazo. Chini ya rangi yako weka kikopo cha chakula, tishu iliyolowa, na karatasi ya kuokea juu yake. Rangi itakaa mbichi hata kwa saa kadhaa badala ya dakika tano.

Ukipata mtu anayerudi kutoka nje, mpe orodha ya rangi kabla ya vijisanamu. Akriliki za maji zinaruhusiwa kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Mwambie afunge kila chupa kwenye mfuko wake wa plastiki, kwa sababu vifuniko huvuja angani, na buluu haitoki kwenye shati la mtu aliyekubebea mzigo bure.