Makumbusho ya Freud, London: kochi lipo, ila si saikolojia yote

Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya akili kwa mazungumzo, alihamia nyumba hii, namba 20 Maresfield Gardens, mwaka 1938 akiwakimbia Wanazi kutoka Vienna, na humu ndimo alimofariki Septemba 1939. Shuka stesheni ya Finchley Road, kisha utembee kidogo tu. Si kila siku huwa wazi, kwa hiyo angalia ratiba kwanza.

Anza na chumba cha kazi, chini. Kochi walilolalia wagonjwa wake limefunikwa zulia la Iran na kujazwa mito. Kiti cha Freud kiko nyuma ya kichwa cha mgonjwa, ili mgonjwa aseme lolote linalomjia bila kumsoma daktari usoni. Kiti cha mezani nacho kina umbo la ajabu: kilitengenezewa mtu aliyezoea kusoma huku mguu mmoja ukining'inia juu ya mkono wa kiti.

Ila ukidhani hapa ndipo saikolojia ilipoanzia, umepotea njia. Mjerumani Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Mwanasaikolojia wa Marekani John Watson, aliyetaka tuchunguze tabia inayoonekana tu, alitangaza msimamo wake mwaka 1913. Hao wasome kabla ya kuja, hapa mwenye nyumba ni Freud.

Ghorofani usiuruke mtambo wa kufumia wa bintiye Anna, aliyebobea katika kutibu watoto.